Doa jeupe, weusi au ukijani: sarafu ipi ya fedha uchukue ukiwa Lindi au Mtwara

Mpwa wangu wa Newala alipolipwa korosho zake mwishoni mwa mwaka, hakuja kuniuliza habari za bati wala pikipiki. Aliteremka hadi Lindi, akakaa mkekani, akafungua leso na kuweka sarafu tatu mbele yangu.

"Shikamoo mjomba. Hizi mbili zinauzwa, nimeachiwa mpaka keshokutwa. Hii ya tatu ni ya bibi. Nina hela ya kununua moja tu. Nichukue ipi?"

Ya kwanza ilikuwa Maple Leaf ya Kanada ya mwaka 2011, wakia moja ya fedha. Shavuni kwa Malkia Elizabeth kulikuwa na madoa matatu meupe, kama matone ya tui yaliyokaukia hapo. Ya pili ilikuwa Philharmonic ya Austria ya mwaka 2012, uzito uleule, inawaka kama kioo, na muuzaji aliitaka bei ya juu zaidi kwa sababu eti haina hata doa. Ya tatu ilikuwa rupia ya Wajerumani ya mwaka 1910, nyeusi ya kijivu, iliyokaa miaka mingi chini ya kanga sandukuni kwa bibi yake.

Nilimwambia achukue ile yenye madoa. Hakuniamini upesi, wala sikumlaumu, maana jicho la mtu hukimbilia kinachong'aa. Tulikaa na zile sarafu tangu alasiri mpaka taa zikawashwa, tukizilinganisha moja baada ya nyingine. Nayaweka hapa tuliyoyasema kwa sababu wengi wetu huku kusini tunaoanza kuweka akiba kidogo ya fedha (naisemea ile metali ya vikuku na bangili, si noti) tunauziwa kwa macho, ilhali mali yenyewe iko kwenye mizani.

Utamuuzia nani?

Hili ndilo swali la kwanza, na bila kulijibu huwezi kusema doa ni hasara au si hasara.

Sarafu kama Maple Leaf, Philharmonic, Britannia ya Uingereza, Krugerrand ya Afrika Kusini au Eagle ya Marekani hupigwa kwa wingi sana kwa ajili ya watu wanaotaka metali. Bei yake hufuata bei ya fedha duniani, juu yake ikaongezwa faida ya kiwanda na ya muuzaji. Wakia yake si ile ya gramu 28 na ushei inayopimiwa bidhaa nyingine. Ni wakia ya madini, gramu 31.1. Sonara wa Mtwara mjini akiletewa sarafu ya namna hii ataipima, ataijaribu, kisha atakutajia bei kwa gramu. Akiiyeyusha, doa linaishia kwenye moto na fedha inabaki ileile.

Zipo nyingine ambazo hupigwa kwa muhuri uliong'arishwa, uwanda wake (ile sehemu tupu isiyo na picha) ni kama kioo na picha yake ni kama imenyunyiziwa unga. Hizo huuzwa ndani ya boksi zuri pamoja na cheti, na sehemu kubwa ya bei yake imekaa usoni. Doa jeupe likitokea juu ya sarafu hiyo, umepoteza kile hasa ulicholipia. Mtu wa akiba ndogo asizikaribie, hasa kwenye mwambao huu wetu wenye unyevu na chumvi. Nalisema bila kupepesa: ni mzigo wa wasiwasi, na huku kumpata wa kukurudishia ile bei ya boksi na cheti ni kazi.

Mpwa wangu alitaka akiba ya miaka mitano au kumi, ya kuuzwa kwa uzito siku ya shida. Kwa hiyo kila nilichomwambia baada ya hapo kilitoka kwenye jibu hilo.

Doa jeupe

Wanunuzi wa sarafu huliita doa la maziwa. Halina mng'ao. Mara huwa vidoa vidogo kama punje za chumvi, mara huwa baka kubwa lenye kingo zilizo wazi, mara mchirizi kama maji yalipita. Linalowachanganya watu ni kwamba sarafu huweza kutoka kiwandani safi kabisa, ikakaa ndani ya kasha lake bila kuguswa na mkono, na baada ya miezi au miaka doa likajitokeza lenyewe. Mwenye mali humshuku aliyemuuzia, au hujilaumu kwamba aliishika vibaya, na mara nyingi wote wawili hawana kosa.

Chanzo kinachotajwa zaidi kiko kiwandani. Vile visahani vya fedha, kabla ya kupigwa muhuri, huoshwa kwa kemikali na kupitishwa kwenye tanuru ili vilainike. Mabaki ya dawa ya kuoshea yasiposuuzwa vizuri hushikamana na uso wa fedha kwenye joto lile, kisha muhuri unakuja kuyagandamiza. Siku ya kupigwa huyaoni. Yanakuja kuonekana wakati wewe umeshalipa.

Ndiyo maana doa hili halitoki kirahisi. Haliko juu ya sarafu kama uchafu ulivyo juu ya sahani. Limeshikana na ngozi yenyewe ya fedha. Nimeona watu wakilisugua kwa raba ya shule, kwa dawa ya meno, kwa majivu na ndimu, kwa ukwaju na makumbi ya nazi kama wanavyosugua sufuria. Doa linaweza kufifia, lakini pale panabaki pamepauka na kujaa mikwaruzo, na sasa sarafu ina kasoro mbili. Ule ujanja wa maji ya moto, magadi soda na karatasi ya aluminiamu, ambao ni mzuri kwa weusi wa bangili, kwa doa jeupe haufanyi chochote.

Lakini ukiniuliza limekula nini, jibu ni kwamba halijala kitu. Gramu ni zilezile, usafi wa fedha ni uleule. Haliambukizi sarafu ya jirani, wala halichimbi shimo. Kati ya kasoro zote ninazozijua, hii ndiyo mbaya kwa sura na nyepesi kwa hasara.

Je, kuna nchi ambayo sarafu zake hazina madoa haya? Kwa kadiri ya sarafu nilizozishika na malalamiko niliyoyasikia, hakuna iliyosalimika kabisa. Maple Leaf za zamani ndizo zilizosemwa zaidi, na Wakanada wenyewe walilikubali tatizo: mwaka 2018 kiwanda chao cha sarafu, Royal Canadian Mint, kilianza kutumia kwenye Maple Leaf za fedha teknolojia waliyoiita MintShield, ya kupunguza madoa haya. Philharmonic, Britannia na Kangaroo za Australia nazo hupatwa. Kwa hiyo ukiwekewa Maple Leaf mbili kwa bei moja, ya 2011 na ya 2019, chukua ya 2019. Ya 2011 ikiwa na madoa na bei yake imeshushwa mpaka karibu na bei ya fedha tupu, chukua ya 2011 na ushukuru. Ile nyongeza aliyeinunua mwanzo alishailipa, na doa limeifuta kwa faida yako.

Angalizo moja tu. Doa jeupe si cheti kwamba sarafu ni halali. Wapo wanaosema feki haipati doa la maziwa. Usiweke hela yako juu ya maneno hayo. Pima.

Weusi

Hapa ndipo mwambao wetu una neno lake. Fedha haipati kutu kama chuma, wala hewa peke yake haiisumbui sana. Inayoisawijisha ni salfa. Gesi ile yenye harufu ya yai viza ikigusa fedha, hasa kukiwa na unyevu, hutengeneza utando mwembamba wa salfidi ya fedha. Utando ukiwa mwembamba sana unaona rangi ya asali. Ukizidi unageuka zambarau, kisha buluu, mwisho mweusi. Zile rangi si wino. Ni mwanga unaocheza ndani ya utando, kama kwenye mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi.

Sasa simama maji yakiwa yamekupwa kando ya mikoko, Mikindani au hapa kwenye ghuba ya Lindi, uvute pumzi. Harufu ile ya matope ndiyo gesi yenyewe. Ongeza moshi wa jikoni, ongeza mpira wa kufungia noti (mpira huo hutengenezwa kwa salfa), na baadhi ya vitambaa na karatasi ambazo zina salfa ndani yake. Fedha iliyoachwa wazi rafuni karibu na bahari haiwezi kubaki nyeupe, na hilo si kosa la fedha.

Ukilinganisha na doa jeupe, weusi una pande mbili. Uzuri wake ni kwamba unaelezeka, na weusi uliotandaa sawasawa ni ushahidi kwamba sarafu haijasuguliwa. Wakusanyaji hulipa hata zaidi kwa sarafu iliyopata rangi nzuri yenyewe, polepole. Ubaya ni kwamba usipoizuia, huendelea. Utando unaoondolewa kila mwaka kwa dawa ya kung'arishia ni fedha iliyoondoka, kidogo kidogo, na picha huanza kufutika.

Kuna namna ya weusi inayonitia hofu zaidi ya ule uliotandaa: vidoa vyeusi vidogo, vimetawanyika, kila kimoja na duara lake. Mara nyingi hayo ni mate. Mtu ameishika sarafu mbele ya mdomo, akaisifia, matone yakaruka. Nilimwambia mpwa wangu ageuze uso anapozungumza, akacheka, lakini tangu hapo alikuwa anageuka.

Chumvi nayo ina kazi yake. Kidole chenye jasho huacha chumvi na mafuta, na baada ya muda unaona alama ya kidole imeandikika pale kwa rangi ya kahawia. Kwenye nyumba zilizo karibu na mashamba ya chumvi au zinazopigwa na upepo wa bahari, fedha huweza kufanya kloridi, ukungu wa kijivu ambao mwanga wa jua huuzidishia giza. Huo hautoki kwa kuupangusa. Ukiuziwa sarafu yenye ukungu wa namna hiyo, mithilisha bei yake na uzito tu, usiongeze senti.

Ukijani

Huu sitaki urefu wake, kwa sababu uamuzi ni mmoja: usinunue, labda kwa bei ya kuyeyusha.

Niliujua kwa mali yangu. Niliagiza sarafu sita kupitia kwa jamaa, zikaja ndani ya kurasa za plastiki laini zenye mifuko, zile zinazonuka kama viatu vya mvua. Niliona zimependeza, nikazifungia kabatini nikijisifu kwamba nimezihifadhi. Baada ya misimu miwili ya masika nilizifungua nikakuta zinanata, na kwenye kingo za herufi kuna utelezi wa kijani. Plastiki ile ni PVC iliyolainishwa kwa mafuta ya kemikali. Kwenye joto na unyevu wetu hutoa mafuta hayo na asidi, na asidi hula metali. Tatu nilizisafisha kwa asetoni safi (si ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato) na zikapona kwa sura. Kwenye tatu nyingine tayari palikuwa na vishimo. Uliyeuziwa sarafu ndani ya plastiki laini inayonuka, itoe siku hiyohiyo.

Ukijani mkavu wa ungaunga kwenye sarafu za zamani ni mwingine. Huo hutoka kwenye shaba iliyochanganywa na fedha, na chumvi ya pwani huuchochea. Nao hula.

Mng'ao wa mkono wa mtu

Turudi kwa ile Philharmonic. Nilimwomba mpwa wangu aishike kwa ukingo, chini ya tochi ya simu, aiinamishe taratibu. Sarafu ambayo haijaguswa huonyesha miale ya mwanga inayozunguka juu ya uso, kama CD unapoigeuza. Ile haikuzungusha kitu. Iliwaka yote kwa pamoja, kama bati. Tulipotazama kwa kioo cha kukuzia, uwanda ulikuwa na mistari myembamba kama nywele, yote imeelekea upande mmoja, na zile ala za muziki zilizochorwa pale zimepoteza ukali wa kingo zake. Mtu aliisugua kwa dawa na kitambaa mpaka ikawaka, pengine ili kuondoa madoa yaleyale meupe yaliyokuwa kwenye mwenzake.

Nilitaka pia kujua kama ni fedha kweli. Sumaku haikuishika, lakini hata shaba na risasi hazishikwi na sumaku, kwa hiyo hilo peke yake halitoshi. Mizani midogo ya sonara inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu ndiyo iliyotusaidia. Kavu ilisoma 31.1. Kisha tukaweka kikombe cha maji safi juu ya mizani, tukairudisha kwenye sifuri, tukaitumbukiza sarafu ikiwa imening'inizwa kwa uzi bila kugusa chini wala kuta za kikombe. Fedha ina uzito wa mara 10.49 ya maji, hivyo wakia moja inapozama mizani inapaswa kuongezeka karibu gramu 2.96. Tulipata 2.97. Maple Leaf yenye madoa nayo ilitoa vilevile. Tuliikausha kila moja kwa kuigandamizia kitambaa laini, bila kuisugua.

Zote mbili ni fedha, basi, na zote zina kasoro. Tofauti ni kwamba kasoro ya moja imeonyeshwa na kutozwa kwenye bei, na ya nyingine imefichwa na kuongezwa kwenye bei. Hapo ndipo mpwa wangu alipoisogeza Philharmonic pembeni mwenyewe.

Ukikutana na sarafu ambayo kwenye kingo au sehemu za juu za picha inachungulia rangi nyekundu au ya njano, iache bila mjadala. Hiyo ni shaba iliyopakwa fedha.

Ukiwa unachagua mpya

Kwa mtu wa pwani ya kusini ningezipanga hivi, na hapa ni rai yangu. Maple Leaf ya kuanzia 2018 iko mbele: fedha ya 9999 katika 10,000, ina kinga dhidi ya madoa, na tangu 2014 ina mistari inayotoka katikati kama miale, pamoja na jani dogo sana lililochorwa kwa leza, vinavyomsumbua mwenye kutengeneza feki. Ulaini wa fedha safi namna hiyo una gharama yake, kwani hukwaruzika ukiitazama vibaya.

Britannia ya kuanzia 2021 naiweka karibu nayo kwa sababu ya alama zake za usalama. Ile picha ndogo inayogeuka kutoka mkuki wa ncha tatu kuwa kufuli unapoiinamisha ni ngumu kuigiza, na mtu asiye na mizani anaweza kuitumia. Lakini usiichanganye na Britannia za 1998 hadi 2012. Hizo zilikuwa na fedha ya 958 katika 1,000, sehemu iliyobaki ni shaba, na kwa hiyo zilipigwa nzito zaidi, gramu 32.45, ili fedha iliyomo ifikie wakia kamili. Ukipima ukakuta 32.45 usishtuke, na ukiiona inasawijika mapema kuliko wenzake, ni ile shaba.

Krugerrand ya fedha ni changa; za kawaida za akiba zilianza 2018. Faida yake kwetu ni ukaribu: swala aliyechorwa juu yake anajulikana, na ndugu walioko Afrika Kusini ni wengi. Eagle ya Marekani, ya tangu 1986, ni nzuri na inatambulika popote, ila mara nyingi nyongeza yake juu ya bei ya fedha huwa kubwa. Philharmonic ambayo haijasuguliwa sina neno nayo. Na kabla ndugu hajakubebea kutoka nje, aulize forodha masharti yake, usije ukaokoa kwenye doa ukapotezea mpakani.

Rupia ya bibi

Huku kwetu fedha nyingi haiko kwenye Maple Leaf. Iko kwenye masanduku ya akina bibi, na hapo sheria za kulinganisha zinageuka.

Rupia ya Wajerumani ina uzito wa gramu 11.66, na fedha yake ni 917 katika 1,000, yaani takriban gramu 10.7 za fedha tupu. Rupia tatu zinazidi wakia moja kidogo. Shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921 hadi 1946, ile ya simba mbele ya milima, ina gramu 7.78, lakini robo tu ndiyo fedha. Unahitaji 16 kupata wakia moja. Zilizopigwa kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, kwa hiyo soma mwaka kabla ya kusoma doa. Riale ya Maria Theresa, yenye tarehe ya 1780 hata kama ilipigwa juzi, ni gramu 28.07 kwa fedha ya 833, ikitoa gramu 23.4 hivi.

Kwa sarafu hizi weusi ni rafiki. Rupia iliyosawijika sawasawa, kijivu uwandani na nyeusi kwenye mapengo ya herufi, inamwambia mnunuzi kwamba hakuna aliyeichezea, na mkusanyaji huweza kuilipia zaidi ya fedha iliyomo. Ukiisugua kwa majivu na ndimu ikawa nyeupe, umeirudisha kwenye bei ya gramu 10.7. Nimewaona watu wakifanya hivyo kwa nia njema siku moja kabla ya kwenda kuiuza, na inaniuma kila mara. Tundu la mkufu au alama ya kuunganishiwa kikuku nayo hushusha bei, lakini hiyo ni historia ya mwili wa mtu aliyeivaa, na mimi sioni kama ni ya kuionea haya.

Mtu akikuletea visarafu vya shaba vilivyookotwa Kilwa Kisiwani, vyenye maandishi ya Kiarabu ya masultani, usinunue kwa bei yoyote. Hayo ni mambo ya kale, yanalindwa na sheria, na mahali pake si kwenye leso yako wala yangu.

Mpwa wangu aliuliza kama auze rupia ili anunue sarafu zote mbili za kisasa. Nilimwambia rupia ni ya bibi, akamuulize mwenyewe. Na asiioshe.

Newala si Mikindani

Sarafu moja haiwezi kutunzwa namna moja kila mahali. Newala iko juu kwenye uwanda wa Makonde, mbali na povu la bahari na mikoko. Hewa yake ni baridi kidogo, na doa la chumvi halina nafasi kubwa huko. Aliye Shangani, Mikindani, Msimbati au hapa Lindi karibu na maji anahitaji bidii mara mbili.

Mpwa wangu nilimpa kasha la plastiki ngumu, lile la duara linaloshika ukingo tu, nikamwambia aliweke ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Vifuko hivyo vikishashiba unyevu havifai, abadilishe kila masika yanapokaribia. Asifunge kwa mpira, asizungushie gazeti, asiweke karibu na jiko la mkaa. Sanduku la mbao la bibi lina harufu nzuri ya karafuu na udi, lakini mbao nyingi hutoa asidi polepole, na sarafu mpya haifai kulala humo. Zaidi ya yote, aishike kwa ukingo, mikono ikiwa imenawa na kukauka.

Doa jeupe halizuiliwi na lolote kati ya haya. Kama lilipandwa kiwandani, litakuja. Utunzaji huu ni kwa ajili ya weusi na ukijani.

Alinunua Maple Leaf, akairudisha Philharmonic. Wiki mbili baadaye akanipigia simu kutoka Newala. Muuzaji amekubali kwamba ilisuguliwa, ameishusha mpaka bei ileile ya yenye madoa, na dada yake ana hela kidogo ya ufuta iliyobaki. Waichukue?

"Kwa bei hiyo ichukueni, mwanangu," nilimwambia, "gramu zake tulizipima. Ila juu ya kasha lake andikeni kwamba ilisuguliwa, ili atakayeinunua kwenu siku moja asome kabla hajalipa."